Filta ya waya wa njano: maporomoko ya Sonic yamerudi kuwa maji

Karibuni tena, wadau. Hebu tazameni haya maporomoko ya Green Hill, hatua ya kwanza kabisa ya gemu ya Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991. Hapa emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu ya zamani, haina filta yoyote. Mnaona? Hayo si maji, ni vijiti vya buluu vimesimama kama uzio. Sasa naingia kwenye mipangilio ya emuleta yangu, Genesis Plus GX, ndani ya programu ya RetroArch, nawasha filta ya Blargg inayoiga NTSC, mfumo wa runinga za zamani za Marekani na Japani, nachagua kompositi, yaani picha ya ule waya mmoja wa njano. Haya, tazameni tena. Maji! Na mandhari ya nyuma yanapenya.

Mega Drive, mashine ya Sega iliyochezea gemu hii, haikuwa na njia nzuri ya kuchora kitu kinachopitisha mwanga. Wachoraji wakachora mstari mmoja, wakaruka mmoja, kazi iliyobaki wakauachia waya. Ule waya wa njano unabeba mwangaza na rangi kwa pamoja, rangi ikiwa imepandishwa kwenye wimbi la megahezi 3.58. Mistari ya maporomoko inapishana kwa karibu megahezi 3.36, jirani kabisa, kwa hiyo runinga inashindwa kujua upi ni mstari na ipi ni rangi. Ndiyo maana ukisogea karibu na kioo unaona mikanda ya upinde wa mvua imelala juu ya maji. Filta hii inaizalisha hata hiyo mikanda, na hapo ndipo iliponikamata: haikumwaga ukungu juu ya picha, imepiga hesabu ya ishara yenyewe. Tena hesabu hizo zinafanywa na prosesa, huhitaji kadi kali ya picha.

Nikihamia S-Video, aina nyingine ya waya ambayo inatenganisha mwangaza na rangi, vijiti vinaanza kurudi. Kwenye RGB, ambako nyekundu, kijani na buluu kila moja ina njia yake, ndiyo vimerudi vyote.

Kasoro zipo. Maandishi madogo yanavimba na kuchosha macho, kwa hiyo gemu zenye mazungumzo marefu mimi nazichezea S-Video. Chenga za kebo ya antena humu hamna, na ile mistari myeusi ya kioo cha zamani itabidi uiongeze kwa sheda, programu ndogo ya kadi ya picha inayobadili mwonekano.

Ila kwa gemu zilizochorwa hivi, kompositi siizimi. Ngoja niwaoneshe mara ya mwisho. Nazima... nawasha. Angalieni pale Sonic anapopita nyuma ya maji.