Siku 9 za Baruti kwenye mabanda ya Kibosho

Naanza na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Kumlaza mbwa wangu Baruti ni shilingi 18,000 kwa siku, chakula humo humo, kwa siku 9 ni 162,000. Kirikuu kutoka Majengo, hapa Moshi, hadi juu Kibosho, kwenda na kurudi, 50,000. Na kuku mmoja, 25,000, nitamfikia huko mbele. Jumla 237,000. Mama mkwe wangu aliposikia hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mbwa alikuwa anawekewa na mbege.

Mimi ni mwongoza wageni mlimani Kilimanjaro. Msimu ukichanganya naweza kupanda mara mbili au tatu kwa mwezi, na nyumbani hakuna wa kushinda na mbwa. Baruti ni Siberian husky, mbwa wa nchi za baridi. Aliachwa na mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea hapa Moshi, mkataba ukaisha, nyumba ikafungwa, mbwa nikabaki naye mimi. Jina lake la kwanza ni Balto, kumbukumbu ya yule mbwa aliyeongoza kundi la mwisho la mbwa kuingia Nome, Alaska, mwaka 1925, wakipeleka dawa ya dondakoo. Mtaani kwetu Balto halikutamkika. Watoto wakamwita Baruti, naye akaitika.

Sasa mtu mwenye husky Moshi mjini mwezi wa Januari ana kesi ya kujibu, najua. Joto linapita nyuzi 30, lami inawaka, na mbwa kavaa koti la majira ya baridi lisilo na zipu. Mwaka juzi nilimwacha mahali fulani hapa mjini, sipataji. Walimnyoa. Walimwona ulimi nje, anahema, wakahukumu kwamba manyoya yanamuua, wakaleta mashine ya saluni. Niliposhuka nilikabidhiwa mnyama wa pinki kama kitimoto. Ndani ya wiki mgongo uliungua jua, na manyoya yaliporudi yalikuja kwa mabaka. Mbwa hawa wana tabaka mbili: la ndani laini kama pamba, la nje refu, linalokinga jua na maji. Joto likija la ndani hupukutika lenyewe, kazi ya mwenye mbwa ni chanuo tu. Jasho la ngozi kama letu hana, anajipoza kwa kuhema na kidogo kupitia nyayo, kwa hiyo kumnyoa hakumpunguzii kitu, kunamwanika.

Kwa hiyo nilipoelekezwa Kibosho nilikwenda na maswali mengi kuliko mzigo. Kibao barabarani hamna, wateja wanatumana kwa mdomo. Ni kihamba cha kawaida, migomba na kahawa, mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita upande wa juu, na chini ya miparachichi kuna vibanda 8 vya mbao vilivyoinuliwa toka ardhini. Mwenyewe ni dada wa hapo hapo Kibosho. Alipokuwa mwanafunzi nje alifanya kazi ya kiangazi mara mbili kwenye mabanda ya mbwa wa mashindano huko Alaska, wale wanaovuta sleji, kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza kwenye theluji.

Nikamuuliza, theluji ulionaje? Akacheka. Theluji ya kutosha hakuiona. Alifika Mei ikiwa matope, akaondoka Septemba. Alichoona ni mbwa sabini na kitu wanaotakiwa kula, kunywa na kunya kila siku, mashindano yawepo yasiwepo. Iditarod, ile mbio kubwa ya kutoka upande wa Anchorage hadi Nome, karibu kilometa 1,600, hukimbiwa Machi. Ikifika Mei mbwa wako likizo. Manyoya yanatoka kwa mafungu, unamchana mmoja unajaza kiroba. Wanachimba mashimo kutafuta udongo wa baridi na kulala humo mchana kutwa. Jua lenyewe karibu halizami, usiku wa manane unaona vizuri kabisa, na mbu wa huko, anasema, wa Kahe wangeomba radhi. Kuna mabanda yanayopandisha mbwa kwa helikopta hadi kwenye barafu za milimani ili watalii wavutwe hata Julai. Mengine huwafunga kwenye kigari cha magurudumu, mzunguko mfupi asubuhi, mgeni analipa, pesa inanunua chakula cha majira ya baridi. Hiyo niliielewa upesi. Hata sisi tunakula Aprili kwa hela ya Februari.

Na kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Mbwa wanaoshinda siku hizi kwa kawaida si kina Baruti. Ni wale wanaoitwa Alaskan husky, machotara waliochanganywa damu kwa kutazama mbio na miguu, wembamba, kilo ishirini na kitu, masikio mengine yamesimama mengine yameanguka. Dada anasema siku ya kwanza alidhani kaletwa kwenye mbwa koko wa Kiboriloni. Baruti wangu, akaniambia bila kupepesa, ni mbwa wa picha. Iliniuma kidogo.

Turudi kwenye huduma. Kwanza hakumpokea. Aliomba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, nikampa, akaona kimepita tarehe kwa mwezi mmoja, akanirudisha kwa daktari wa mifugo. Nilikasirika, kirikuu imesimama nje na dereva anahesabu dakika. Siku ya pili alimfunua midomo akatazama rangi ya ufizi, akapekua masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe, akaandika uzito kwenye daftari. Homa ya kupe ndiyo inayowamaliza mbwa wetu huku, na ufizi ukipauka, anasema, usingoje kesho. Nikaanza kupoa.

Ratiba anaijenga kwa joto, si kwa saa ya ukutani. Mazoezi ni saa 12 asubuhi, umande bado upo, na ikifika saa 2 na nusu yamekwisha. Kule Alaska mazoezi ya mwanzo hayaanzi mpaka Agosti ikielekea mwisho au Septemba, tena alfajiri, mbwa wamefungwa mbele ya pikipiki ya magurudumu manne, kilometa chache polepole, kwa sababu nyuzi 15 tu kwa mbwa anayevuta ni joto. Fikirieni nyuzi 15! Sisi tukiziona tunatafuta sweta. Kibosho mchana hapaguswi mbwa. Wanalala kwenye vivuli, na kila mmoja ana shimo lake la udongo wenye unyevu ambalo dada halifukii. Nyumbani mimi Baruti akichimba nampigia kelele. Nimeacha.

Maji ndiyo yaliyonivuta zaidi. Nilikuwa najaza beseni, nikirudi jioni limebaki vile vile, najiambia hana kiu. Dada anachemsha dagaa kidogo, au kichwa cha perege wa Nyumba ya Mungu wakipatikana sokoni, anachuja, anachanganya mchuzi mwembamba na maji mengi, anaacha yapoe. Baruti alimaliza bakuli mbele yangu akalamba na ukingo. Ni desturi ya madereva wa mbwa kule, wao hutumia samoni au mabaki ya nyama, kwa kuwa mbwa mchovu huweza kukataa maji matupu na bado akahitaji lita za kutosha. Chakula chenyewe ni ugali wa dona, dagaa, na mabaki ya buchani yaliyochemshwa. Mbwa wa mbio anaweza kuhitaji kalori 10,000 kwa siku akiwa njiani, kiangazi anapunguziwa sana, la sivyo anavimba kama puto. Baruti alikuwa amevimba. Alirudi amepungua kilo 2 na mbavu zinapapasika, jambo ambalo mke wangu mwanzoni aliliita wizi.

Kinyesi kinazolewa mara mbili kwa siku, nao wanakitazama kabla ya kukitupa: kigumu mno, maji hayatoshi, chenye minyoo, daktari. Sitaeleza zaidi, wengine mnakula.

Mabaya sasa. Kwanza mawasiliano. Niliahidiwa picha kila siku. Siku 9, picha 3. Nilikuwa njia ya Lemosho na mtandao ni wa kubahatisha, lakini nilipofika kambi ya Barafu simu ikashika vizuri kabisa, ujumbe wa mke ukaingia, wa kikoba ukaingia, wa dada hakuna. Unakwenda kupandisha wageni kileleni usiku huo na moyo uko Kibosho. Alisema simu iliingia kwenye mfongo. Sawa, lakini jirani zake wana simu.

Pili njia. Lami inakuacha, na mvua ikinyesha usiku ile barabara ya udongo inakuwa sabuni. Kirikuu yetu ilirudi kinyumenyume mara mbili, mimi na tandiboi tunasukuma, Baruti kasimama nyuma anatutazama kama mkaguzi.

Tatu, uzio, na hapa ndipo kuku anapoingia. Siku ya 5 kijana wa usafi aliacha geti wazi. Baruti akatoka, akapitia migomba, akaingia kwa jirani. Kuku alikuwa wa kienyeji, anataga, na mwenye kuku ni bibi anayejua bei. Nilidaiwa mimi. Nimebishana kwamba geti si langu, dada akasema jino ni langu. Tuligawana maneno, pesa nikatoa yote, na mpaka leo naona angalau nusu ingekuwa yake. Ninampunguzia nyota moja kwa hilo, na nusu kwa picha.

Asubuhi ya kumchukua nilifika mapema, saa 12 na robo, nikakuta mbwa wanne wa kienyeji, wale wa rangi ya udongo tunaowafukuza vilabuni, wamevaa mikanda ya kuvutia mzigo iliyoshonwa kwa turubai na mkanda wa gari, mbele ya kigari cha magurudumu ya baiskeli kilichochomelewa na fundi. Watatu ni wa uzao mmoja. Kule kila uzao hupewa majina ya kundi moja, kwa hiyo hawa ni Shira, Karanga na Mweka, majina ya kambi za mlimani, na jike mzee asiye na jina la mlima anawaongoza. Kwenye kigari yamo majani ya ng'ombe. Dada anasema "kulia", wanakata kulia, "kushoto", kushoto. Nikacheka, akanikatiza: Wajamaika walianza hivi hivi, kigari cha magurudumu na mbwa waliookotwa, na Newton Marshall wa kwao akaimaliza Iditarod mwaka 2010.

Baruti alikuwa amefungwa nyuma yao, kamba imelegea, havuti chochote, anakimbia tu kama bosi anayekagua kazi. Nilimwita. Aligeuza kichwa, akanitambua, akaendelea mpaka majani yakashushwa.

Nafasi za Juni zinaanza kuchukuliwa mwezi wa tatu, malipo ya awali 50,000 kwa M-Pesa. Mimi nimeshaweka siku 8, nikaomba kibanda cha juu karibu na mfongo, na nikaomba geti lipigwe komeo la pili. Amejibu kwamba komeo limeshanunuliwa. Picha hakutuma.