Defanseri wa pa Kenya: anaanzaka na tarehe, haina masapo

Bantu mingi banaisha kuniuliza huyu defanseri (mutu wa kutetea bantu ku kesi) mwenye alinisaidia na kesi ya kazi njo nani, basi naandika hapa mara moya. Bureau yake iko pa Kenya, ile komini ya Lubumbashi, nyuma ya soko, kachumba kamoya, biti mbili na ventilateri yenye haizunguke. Nilienda kule kisha avoka mwingine kukula dola 50 yangu, kazi yake paka "tutabashitaki, tutabashitaki".

Miye nilikuwa magazinieri (mutu wa depo) myaka 6. Masaki ya simenti ikapotea, bakanipa demandi ya esplikasyo (barua ya kuniuliza nieleze), nikajibia, kimya, mwezi na nusu kisha njo mukanda (barua) ya kunifukuza inakuya: fote lurde (kosa nzito), hakuna preavi (siku za kukuonya mbele ya kutoka), hakuna kintu. Nikafika kwa huyu papa defanseri na hasira, nikaanza kumuelezea vile shefu ananichukiaka, akanikata: "Mwana, leta mikanda kwanza." Akaweka demandi na mukanda ya kunifukuza moya pembeni ya ingine, akaanza kuhesabia siku ku kalandriye. Sheria ya kazi ya 2002 inamupa patro (bosi) siku 15 za kazi tangu anajua kosa, kwa kukuandikia kama anakufukuza juu ya fote lurde. Beye balipitisha zamani. Yule avoka hakuangaliaka hata tarehe!

Na hakunidanganya. Nilisikia ku mutaa miezi 36 ya mushahara, nikaanza kujenga nyumba mu kichwa, akacheka: 36 njo mwisho yenye tribinali inaweza kutoa, haina zawadi, na kule hauendi bila kupita kwa ispekteri wa kazi. Tukaenda. Mara ya kwanza patro hakutuma mutu, ya pili mutu wake akakuya, papa akatia hesabu ku meza: preavi siku 14, na siku 7 kwa kila mwaka, yaani 56, pamoja na konje (likizo) zenye sikukulaka. Balibisha, balipiga telefone, bakasaini PV (karatasi ya mapatano).

Mubaya: telefone yake inazimikaka, anakupa saa tatu anafika saa tano, fotokopi unalipa weye, na 10% anakata mbele uguse feza (alinionya mwanzo, siwezi kulalamika). Ku tribinali penyewe sijue vile anapiganaka, kesi yangu haikufika kule. Nyota 4. Jumamosi iko paka saa sita, ubebe kontra, fishi za mushahara na anvelopi ya mukanda kama ungali nayo, tarehe ya tampo anaiangaliaka pia.