Kilainishi kikavu cha PTFE kwenye swichi iliyogoma: uzoefu wangu

Pikipiki yangu inalala nje, kwa hiyo swichi yake inakula vumbi na mvua mwaka mzima. Kwanza ufunguo ulikuwa unaingia kwa shida, kisha ukawa unaingia lakini hauzunguki, mwishowe loki ya usukani ikakataa kabisa kuachia. Ushauri haukukosekana: huyu anasema mafuta ya injini, yule grisi, mwingine ameshashika nyundo. Mimi nikanunua kopo la kupuliza la kilainishi kikavu chenye PTFE, ile plastiki telezi inayopakwa kwenye vikaango visivyonata.

Kikavu kwa sababu ndani ya silinda ya swichi kuna vibati vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba kama unywele. Kimoja tu kikinata, silinda haizunguki hata ulazimishe vipi. Mafuta mazito yanalainisha kwa muda, halafu yanakamata vumbi na kugeuka tope, na tope ndilo linalonatisha vibati. PTFE ikishakauka inabaki utando usionasa vumbi kirahisi. Unga wa grafaiti nao ni mzuri kwenye kufuli la mlango, ila unapitisha umeme, na chini ya swichi ya pikipiki ndiko nyaya zinakokutana. Sikutaka ushuke huko.

Nilitangulia kuosha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Maji meusi yalichuruzika mpaka nikashangaa uchafu wote ule ulikuwa umekaa wapi. Baada ya kukauka nikapuliza kilainishi kidogo, nikawa naingiza ufunguo na kuuchomoa bila kuuzungusha, kila ukitoka naufuta kwa kitambaa, hadi ukaanza kutoka msafi. Swichi ikalainika.

Loki ya usukani ilitaka zaidi ya dawa. Usukani ukiegemea ule ulimi wa loki, hakuna kilainishi kitakachouchomoa. Shika handeli, itikise taratibu kushoto na kulia huku umeushikilia ufunguo kwa nguvu ya vidole tu. Ulimi wa loki yangu ukapiga "tak", ukaachia. Koleo liache kwenye boksi la spana. Ufunguo ukikatikia ndani, hapo sasa unaweza kuishia kutafuta swichi mpya.

Kasoro zipo. Mrija wa kopo unachomoka ovyo na dawa inaishia kwenye tangi. Harufu yake ni kali na gesi yake inashika moto, kwa hiyo puliza penye hewa, mbali na jiko na sigara. Tena haitibu ufunguo uliolika. Wangu wa kila siku meno yake yamekuwa mviringo na bado unasuasua kidogo, wakati ule wa akiba unazunguka bila kelele. Ukichonga nakala, mpe fundi huo wa akiba, maana akichonga kwa kufuata uliolika anakuchongea na ugonjwa wake.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeondoka na ule mrija.