Niliagiza Louis Jordan wa 1946, nikaletewa wa 1956

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua kasha la CD nne za vibao vya R&B vya miaka ya 1940 na 1950, na kilichonifanya nitoe fedha bila kuuliza maswali ni maandishi ya dhahabu juu ya jalada: rekodi halisi, waimbaji halisi. Kuhusu waimbaji hawakudanganya.

Wimbo wa kwanza ulikuwa "Choo Choo Ch'Boogie" wa Louis Jordan, mwimbaji na mpiga saksafoni wa Marekani, na ndio hasa nilioutaka. Jordan na bendi yake ya Tympany Five waliurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Decca mwaka 1946, ukakaa kileleni kwa wiki 18 katika orodha ya Billboard, enzi ambazo jarida hilo lilikuwa bado likiuita muziki wa Wamarekani weusi "rekodi za mbari"; jina la R&B lilishika nafasi hiyo mwaka 1949. Santuri ile naijua kama kiganja cha mkono wangu: mdundo wa garimoshi lisilo na haraka, na mwanamume asiye na kazi wala kinyongo. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa kitu kingine kabisa. Ngoma zilishindilia, gitaa likakwaruza, na Jordan akaimba kama abiria anayelikimbilia gari lililokwisha kuondoka. Nikavaa miwani, nikageuza jalada, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, nikasoma: baadhi ya nyimbo zimerekodiwa upya na mwimbaji mwenyewe.

Nilipopiga simu dukani, kijana aliyepokea aliniacha nimalize, kisha akasema, "Sasa mzee wangu, si anaimba yeye yule yule? Ulitaka akuimbie nani?" Akacheka, na nikamsikia mwenzake pembeni akicheka pia. Nikaanza kumfafanulia kwamba msanii akiachana na kampuni, kanda asilia hubaki kwa kampuni, naye hana budi kuviimba upya vibao vyake kwingine, kama alivyofanya Jordan kwa Mercury mwaka 1956, na Little Richard kwa Vee-Jay katikati ya miaka ya 1960. Na kwamba wauza makasha ya bei rahisi huyapenda matoleo hayo kwa sababu hayawagharimu sana. Sikufika kwa Little Richard. Alikata simu.

Nilikusudia kutoa nyota moja, na hiyo moja kwa ajili ya kasha lenyewe, ambalo ni gumu na litafaa kuwekea risiti. Hata hivyo, haki lazima isemwe hata ikiuma: toleo la 1956, lililopangiwa muziki na Quincy Jones akiwa bado kijana, ni moto. Nimelipiga kila asubuhi wiki hii, na jana nilijikuta nikiupigia meza kijiko mpaka chai ikamwagika. Labda nyota tatu. Lakini tena nakumbuka kicheko kile, na yale maandishi ya dhahabu, na nyota zinashuka zenyewe. Kwani kama toleo hilo ni zuri kiasi hiki, ni aibu gani iliyowazuia kuandika 1956 mahali panapoonekana?

Nimelirudisha kasha dukani, likiwa na CD tatu. Ya kwanza nimebaki nayo. Yule kijana akiihitaji, namba yangu anayo.