Nililipia ulinzi wa kompyuta Kariakoo, nikauziwa nywila ya watu wote

Nianze kwa kumtendea haki fundi: feni aliibadilisha vizuri. Kompyuta mpakato inayoendesha steshenari yangu ya Sinza ilikuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga na kujizima katikati ya kazi, na huyu bwana wa Kariakoo, ambaye duka lake sitalitaja, aliifungua mbele yangu, akapuliza vumbi la miaka, akafunga feni mpya, na tangu hapo haijajizima tena. Kwa kazi hiyo peke yake ningempa nyota nne bila kusita. Ninachokilalamikia ni huduma ya pili, ile aliyoiita "kusafisha virusi na kuweka ulinzi wa kulipia", ambayo ilinitoka shilingi 45,000 juu ya gharama ya feni.

Ulinzi huo niliuhitaji kwelikweli. Anayefanya biashara ya steshenari jirani na vyuo anaijua adha ya flashi za wanafunzi: flashi moja imepita kwenye kompyuta za nusu ya bweni, na ukiichomeka unakuta folda zote zimefichwa, na mahali pake vimebaki vijialama vyenye mshale mdogo pembeni ambavyo ukivibofya vinaiamsha virusi kwanza, ndipo vinakufungulia folda yako ili usishtuke. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, watu wananiletea vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA vya wadhamini na picha za pasipoti niviskani, na vyote hivyo hupita kwenye mashine hiyohiyo. Fundi nilimweleza yote haya, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Wiki kadhaa baadaye, mwanafunzi mmoja anayesomea kompyuta, akisubiri ripoti yake ya fildi itoke kwenye printa, aliangalia kona ya chini ya skrini karibu na saa akaniuliza kwa adabu, "Dada, samahani, hii programu unaitumia na nani?" Ilikuwa programu ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, imewekwa ijiwashe kila kompyuta inapowaka, na imepewa nywila ya kudumu inayomruhusu mwenye nayo kuingia bila mimi kubonyeza kukubali. Kijana akaomba ruhusa ya kuangalia zaidi, na kila alipofungua palikuwa na jambo. "Ulinzi wa kulipia" ulikuwa ni Defender, kinga inayokuja bure ndani ya Windows. Kwenye orodha ya sehemu ambazo kinga hiyo imeelekezwa isizikague palikuwa na mstari mmoja tu, C:\, yaani diski yote yenye Windows, programu na mafaili yangu. Alama ya kijani ya tiki ilikuwa palepale, ikinihakikishia kwamba kila kitu ni shwari. Masasisho ya Windows nayo yalikuwa yamezimwa.

Nilipanda mwendokasi pale Shekilango nikiwa bado na adabu zangu. Nilimkuta fundi anakula chipsi mayai juu ya kaunta, wateja wamemzunguka, na bila kuinua macho akanijibu kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Mama, wewe kazi yako ni kuprinti na kutoa kopi. Mdukuzi aache benki, aje kwako kuiba nini?" Watu wakacheka. Masasisho, akasema, aliyazima ili yasinilie bando, na ile programu aliiweka ili nikipata shida anisaidie akiwa dukani kwake, nisihangaike na foleni. Nakiri kwamba hapo moyo ulilainika kidogo, maana maelezo yalikuwa na chembe ya wema, na huenda kweli hakuwa na nia mbaya. Nikamwomba basi anipe hiyo nywila. Akasema haina haja ya kuandikwa, kwa kuwa ni moja tu kwa wateja wote, asije akaisahau.

Moja kwa wote! Maana yake ni kwamba kila kijana aliyewahi kujifunza kazi katika duka lile, akiwemo aliyeondoka kwa ugomvi, huenda anaijua nywila ya kompyuta yangu, ya mhasibu fulani asiyejua lolote, na ya daktari aliyepeleka mashine yake kubadilishiwa kioo. Hizo nyota nne nilizozitaja juu nazifuta.

Na hilo swali la mdukuzi kuja kuiba nini linaniudhi kuliko hata pesa. Virusi iitwayo WannaCry, ya Mei 2017, ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikafunga mafaili ya hospitali za Uingereza na kudai fidia, na haikumchagua mtu kwa utajiri. Ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka chake tangu Machi mwaka huohuo. Kuzima masasisho ili kuokoa bando ni kukikataa kiraka cha namna hiyo. Tena kompyuta hii ni yangu, lakini vitambulisho vilivyomo ni vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanitaka mimi ndiye nivilinde.

Kinachochekesha, kama kuna mwenye hamu ya kucheka, ni sababu ya C:\ kuachwa bila ukaguzi. Fundi alipiga Windows upya akaweka toleo la Pro, ambalo leseni yangu hailihusu, kisha akalikraki, yaani akalidanganya likubali kufanya kazi bila kulipiwa, na kwa kuwa Defender ingekikamata kifaa cha kukrakia akaamua kuifumba macho kabisa. Kumbe kompyuta yangu ilinunuliwa ikiwa na leseni ya toleo la Home, iliyohifadhiwa kwenye bodi kuu yenyewe. Yule mwanafunzi alifuta kila kitu, akaweka Home iliyopakuliwa kutoka kwa Microsoft, na ilipopata intaneti ikajithibitisha yenyewe bila senti. Nywila za barua pepe na za akaunti nyingine nilizibadilisha kwa kutumia simu.

Fundi amenirudishia 25,000 kwa simu, akaambatanisha ujumbe kwamba mimi ni mteja mgumu. Nyota moja narudisha, ya feni. Kama kompyuta yako imeanza kunguruma, mpelekee, hakika anajua kazi hiyo. Ila mwambie achomoe diski kwanza, uiweke kwenye mkoba wako, na ukae hapohapo hadi amalize kukaza skrubu ya mwisho.