Tahadhari: "mwongoza watalii" wa Noah nyeupe, Iringa mjini

Wana Iringa, na nyie mnaotarajia wageni: kuna tapeli anazungukazunguka jirani na Boma. Mrefu, maji ya kunde, kavaa kisibao cha kaki na kitambulisho cha shingoni. Kanipiga laki moja na ishirini mbele ya mama mkwe. Mnaonijua mnajua mimi na mama tumetoka wapi tangu ile harusi, kwa hiyo sirefushi.

Kabla hamjaanza kucheka: yule mtu historia anaijua. Tulikuwa tumemaliza kuangalia makumbusho ya Boma, tunatoka, akasogea na "Kamwene" yake kwa adabu zote, akaanza kumwaga. Lugalo 1891, Wahehe walivyomuua Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Kalenga, ngome ya chifu Mkwawa, ilivyoangushwa 1894. Fuvu la Mkwawa lilivyorudishwa 1954, na kwamba lipo hapo Kalenga, unaliona kwa macho yako. Mama ni mtu wa Tanga, hayo aliyasikia darasani tu, akaniangalia lile jicho la kusema kumbe mkwe anajua watu. Sasa hapo ningeanza kudai leseni? Na msiniambie mimi ni mwenyeji. Wangapi mmezaliwa Iringa na Isimila, lile bonde la zana za mawe za kale, mnaiona kwenye kalenda za ukutani?

Elfu thelathini kwa kichwa, usafiri na viingilio humo humo. Akatoa kitabu cha risiti, kile cha karatasi ya kaboni, akaandika taratibu kwa mwandiko wa mwalimu wa zamani: "Viingilio Isimila na Kalenga, watu 4." Akagonga mhuri wa bluu, wino ukamchafua kidole gumba, akajifuta kwenye soksi. Kwenye soksi! Nikatuma hela pale pale kwa simu. Jina lililotokea silo alilotutajia, akasema laini ni ya mke wake. Nani hapa hajawahi kutumia laini ya mke wake?

Na kesho yake saa mbili kamili Noah ipo mlangoni. Tapeli gani anawahi? Mama alikuwa kaamka alfajiri kupika pilau, hotpoti ikaingia kwenye buti. Tukashuka Ipogolo, tukashika barabara ya Mbeya, hadithi juu ya hadithi mpaka Isimila. Getini akasema, "Mzee, tangulieni na risiti, mimi nageuza gari." Mhudumu akaigeuza ile risiti mbele na nyuma, akauliza kwa upole, "Hii mmeandikiwa na nani?" Nageuka nimwonyeshe, naona vumbi linaelekea barabara kuu. Napiga, haipatikani.

Nikalipa viingilio upya, ningefanyaje na mama keshafika? Tukaonyeshwa zana za mawe, tukaambiwa zina umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Mama akasema, "Haya mawe yamekaa laki mbili, hotpoti yangu haikumaliza hata saa." Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nguzo zile za udongo huko bondeni ni nzuri kweli, nendeni, ila mimi nilikuwa naona Noah tu.

Huyu mtu akikamatwa azungushwe mji mzima, kuanzia sokoni mpaka Gangilonga, na kitabu chake cha risiti shingoni! Mtu anayeuza jina la Mkwawa kwa wageni hastahili dhamana. RB ya polisi nimeshachukua, na namba ya simu aliyotumia huyo tapeli nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu.

Dalili? Zilikuwepo. Jina la kwenye simu, nimeshasema. Risiti ya mkono; pale ni mali ya serikali, unalipia palepale kwa namba ya malipo unayopewa, hakuna mtu wa mtaani anayekukatia kiingilio. Halafu mama alimuuliza Mkwawa alijiua wapi, akajibu "hapo hapo Kalenga". Ni Mlambalasi, 1898, mbele huko barabara ya Ruaha, hata shemeji alishtuka. Na alikataa kupigwa picha.

Hotpoti ni ya kijani, ina maua, mfuniko una ufa pembeni. Mkimwona, au mkiiona inauzwa mahali, nipigieni hata usiku wa manane.