Maktaba ya muvi Chikongola: huduma safi, ila mtafsiri wa ile makala ya Ireland kaniudhi

Kwa mnaopita Chikongola hapa Mtwara, ile maktaba ya muvi kwenye kontena la bluu mi mteja wao tangu mwaka jana na kwa huduma sina neno. Unampa kijana flashi, anaikagua virusi kwanza, anakuwekea, af anakufungulia kwenye tivii yake uone inacheza ndo unalipa. Moja iligoma katikati, nikairudisha kesho yake, akanibadilishia bila maneno.

Safari hii nimechukua makala ya kutafsiriwa ya ule ugomvi wa Waprotestanti na Wakatoliki kule Ireland Kaskazini. Niliitaka kwa sababu bibi yangu Anglikana wa Masasi, babu RC wa Ndanda, tumekua tunasali huku na huku, sasa nilikuwa nataka kujua wenzetu walifikaje kuuana miaka 30 mpaka wakafa watu zaidi ya 3,500.

Picha zenyewe zimetulia. Kuna ya mji wa Derry, tarehe 30 Januari 1972, wanajeshi wa Uingereza wamewapiga risasi waandamanaji, 13 wamekufa siku ile ile, af unamuona padri Edward Daly ametangulia, kainama, anapunga leso nyeupe ina damu, nyuma yake wanaume wamembeba Jackie Duddy, kijana wa miaka 17. Nimeirudisha nyuma mara tatu. Na hapo hapo ndo mtafsiri anapayuka eti vita ya dini imepamba moto! Jamani, wale waliandamana kupinga watu kuwekwa ndani bila kesi.

Makala nzima ni hivyo, dini, dini, dini. Mbona nyumba kaziruka? Kule kura ya halmashauri ilikwenda na nyumba, kama nyumba si yako wala hujaipanga kwa jina lako au la mume au mke wako, huna kura, na Derry Wakatoliki ndo walikuwa wengi ila kata zilikatwa kwa namna ambayo baraza linabaki kwa wenzao. Mwaka 1968 kijiji cha Caledon nyumba ya halmashauri akapewa binti wa Kiprotestanti wa miaka 19, hana mume hana mtoto, na familia za Kikatoliki zenye watoto zinasubiri. Ongeza ajira, ongeza na lile la nani atawale, maana Waprotestanti wengi walitaka kubaki chini ya Uingereza na Wakatoliki wengi walitaka kuungana na Jamhuri ya Ireland. Dini ilikuwa inakutambulisha tu we ni wa upande gani, hata jina lako na shule uliyosoma vinakutaja. Mtu wa hapa akisikia tafsiri ile atadhani Mkatoliki na Mprotestanti hawawezi kukaa mtaa mmoja, na mi nimelelewa na hao wawili nyumba moja.

Mkataba wa Ijumaa Kuu, ule wa amani wa 10 Aprili 1998, kaupitia mbio mbio, John Hume wa upande wa Wakatoliki na David Trimble wa Waprotestanti, waliogawana Nobel ya amani mwaka ule, hata kuwataja hakuwataja.

Maktaba nawapa nyota nne. Mkipata isiyotafsiriwa yenye maandishi chini niwekeeni, Jumamosi nakuja na flashi, nitakaa na bibi nimsomee mwenyewe, anataka kumuona yule padri wa leso.